Fundi Yupo, Cheti Hakitambuliki: Kisa cha Ajira za Upepo katika Bahari ya Kaskazini

Ukikaa na waajiri wa nishati jadidifu hutakawia kusikia kilio chao: watu hawapatikani. Miradi ipo, mikopo imepitishwa, mitambo imeshaagizwa, ila mafundi wa kuifunga na kuitunza ni wachache. Kilio hicho hakikuzuka hivi hivi. Kwa hesabu za IRENA, shirika la kimataifa la nishati jadidifu, sekta hii ilikuwa na ajira zipatazo milioni 13.7 duniani mwaka 2022. Mwaka uliofuata zikafika milioni 16.2. Ni vigumu kwa vyuo kuandaa mafundi kwa mwendo huo.

Ipo bahari moja, hata hivyo, ambako kilio hiki kilipaswa kuwa kidogo kuliko kwingine. Upande wa Uingereza wa Bahari ya Kaskazini umechimbwa mafuta tangu katikati ya miaka ya 1970. Mji wa Aberdeen, huko Scotland, ulijengeka upya kwa fedha na watu wa kazi hiyo. Vizazi viwili vya mafundi umeme, mafundi mitambo, waendesha kreni, wapanda kamba na wasimamizi wa usalama wamekulia kwenye majukwaa ya mafuta, wakifanya zamu za wiki mbili au tatu mfululizo katikati ya maji baridi. Uzalishaji ulifika kileleni mwaka 1999 na tangu hapo umekuwa ukishuka. Bahari hiyo hiyo sasa imesimikwa mitambo ya upepo. Oktoba 2023 umeme wa kwanza ulitoka Dogger Bank, shamba la upepo lililopangwa kufikia gigawati 3.6.

Kwa hiyo hesabu inaonekana rahisi. Hawa wanapunguzwa kazi, wale wanatafuta watu, na wote wako kwenye maji yale yale. Kwa nini basi fundi mwenye miaka ishirini baharini alikuwa akituma maombi kwenye upepo na hapati hata simu?

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu kinagusa jambo ambalo watu wa rasilimali watu hatulisemi kwa sauti: sehemu kubwa ya uhaba wa wafanyakazi tunautengeneza wenyewe, kwa namna tunavyoandika masharti ya kazi.

Watu waliokuwepo tayari

Mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Robert Gordon cha Aberdeen kilitoa tathmini ya nguvu kazi ya nishati ya baharini Uingereza. Kilikuta kwamba zaidi ya asilimia 90 ya wafanyakazi wa mafuta na gesi wana ujuzi unaohamishika kwa kiwango cha kati au cha juu kwenda sekta jirani za nishati. Mwaka mmoja kabla yake, mashirika ya kampeni ya Friends of the Earth Scotland, Platform na Greenpeace yaliwauliza wafanyakazi 1,383 wa majukwaa ya mafuta kama wangefikiria kuhama sekta. Zaidi ya asilimia 80 walisema ndiyo. Kati ya wote hao, asilimia 91 walikuwa hawajawahi kusikia habari za mpito wa haki, yaani wazo la kuhama kutoka kwenye mafuta bila kuwaacha wafanyakazi nyuma, ingawa wanasiasa walikuwa wakiutaja kila walipozungumzia mustakabali wa watu hawa hawa.

Ikumbukwe walikuwa wametoka wapi. Bei ya mafuta iliporomoka kutoka juu ya dola 100 kwa pipa katikati ya 2014 hadi chini ya dola 30 mwanzoni mwa 2016, na Aberdeen ilipoteza kazi kwa maelfu. Walipoanza kupumua, likaja janga la korona. Wengi wao si waajiriwa wa kudumu wa kampuni za mafuta. Ni watu wa kandarasi, wanaochukuliwa kazi ikiwepo na kuachwa ikiisha, na mara nyingi gharama za vyeti vyao zinatoka mfukoni mwao. Mtu wa namna hii hahitaji kushawishiwa kwamba dunia inabadilika. Ameshaona.

Utayari ulikuwepo, na ujuzi ulikuwepo. Tuje kwenye mlango wenyewe.

Bahari moja, vyeti viwili

Ili ukanyage jukwaa la mafuta upande wa Uingereza, unahitaji kozi ya msingi ya usalama ijulikanayo kama BOSIET, inayosimamiwa na OPITO, chombo cha viwango vya mafunzo cha sekta ya mafuta na gesi. Ni ya siku tatu, na cheti chake hudumu miaka minne. Ili ukanyage mtambo wa upepo, unahitaji mafunzo ya msingi ya GWO, chombo kilichoanzishwa na watengenezaji na wamiliki wa mitambo ya upepo mwaka 2012. Hayo nayo huchukua takriban juma moja: huduma ya kwanza, moto, kubeba mizigo, kazi za juu na kujiokoa baharini. Moduli zake nyingi hurudiwa kila baada ya miezi 24.

Kabla ya kulaumu, tuangalie vyeti hivi vilitoka wapi. Tarehe 6 Julai 1988 jukwaa la Piper Alpha lililipuka na watu 167 wakafa. Tume ya uchunguzi ya jaji Lord Cullen ilitoa mapendekezo 106 mwaka 1990, na usalama wa bahari ile ukaandikwa upya. Aprili 2009 helikopta iliyokuwa ikirejesha wafanyakazi nchi kavu ilianguka na kuua wote 16 waliokuwemo. Mafundi wa majukwaa wanajua kozi zao zimelipiwa kwa damu, na hawataki mtu azichezee.

Katika bwawa la mafunzo ya BOSIET, wanafunzi hufungwa mikanda ndani ya chumba kinachoigiza helikopta. Chumba kinashushwa majini. Maji yanapanda miguuni, kiunoni, kifuani, kisha chumba chote kinapinduliwa juu chini. Mkono mmoja unapaswa uwe umeshashika ukingo wa dirisha kabla ya kupinduka, kwa maana ukishageuka hujui tena juu ni wapi. Unangoja mzunguko uishe, unasukuma dirisha, unafungua mkanda, unatoka. Watu wazima wenye miili mikubwa hutoka pale wakitetemeka, na hurudia tena.

Fundi wa upepo naye ana hatari yake. Boti ndogo huja na pua yake hadi kwenye mguu wa mnara na kusukuma kwa nguvu ya injini ili ishikamane na nguzo za kutulia. Fundi anasimama puani akisoma mawimbi. Boti ikitulia anajifunga kwenye kamba ya kuzuia kuanguka, anahamia kwenye ngazi na kupanda bila kusita, asije akakutwa na boti ikiinuka nyuma ya miguu yake. Huko juu, ndani ya chumba cha mashine kileleni mwa mnara, lazima ajue jinsi ya kumshusha mwenzake aliyeumia kwa kamba hadi chini. Mtu wa mafuta aliyezoea kushuka kutoka kwenye helikopta na kutembea juu ya sakafu pana ya chuma hajafundishwa hayo, na hapaswi kupelekwa bila kufundishwa.

Hadi hapo sina ugomvi na yeyote. Ugomvi unaanza kwenye sehemu zinazofanana. Kufunga kidonda, kufufua mapigo ya moyo, kutumia kizimamoto, kuinua mzigo bila kuvunja mgongo, kuvaa suti ya kuokolea maisha na kupanda kwenye boya la dharura: haya ni yale yale, yanafundishwa pengine na mkufunzi yule yule, katika kituo kile kile. Fundi aliyepita mtihani wa kizimamoto upande mmoja alitakiwa kulipa na kupita tena upande wa pili, kwa kuwa nembo ya juu ya karatasi ni nyingine. Mwaka 2021 kampeni ya Friends of the Earth Scotland na Platform iliwauliza wafanyakazi 610 kuhusu jambo hili. Asilimia 97 walisema gharama za mafunzo zinawatia wasiwasi. Asilimia 94 walitaka pasipoti moja ya mafunzo itakayokubalika kwenye sekta zote za baharini. Ni nadra kuona wafanyakazi wakikubaliana kiasi hicho juu ya jambo lolote.

Mezani kwa mwajiri

Hapa ndipo napenda tukae zaidi, maana vyeti vimeshaandikwa sana lakini tangazo la kazi halisemwi.

Tangazo la fundi wa upepo wa baharini mara nyingi lina mistari miwili inayoamua kila kitu: awe na vyeti hai vya GWO, na awe na uzoefu wa miaka kadhaa kwenye mitambo ya upepo. Mistari hiyo huingizwa kwenye mfumo wa kuchuja wasifu. Wasifu usio na neno GWO unatupwa kabla ya macho ya binadamu kuuona. Aliyeandika mistari hiyo huenda hakufikiri sana: mmiliki wa shamba la upepo ameweka sharti la vyeti kwenye mkataba na mkandarasi, mkandarasi amelihamishia kwa wakala wa ajira, wakala amelibandika kwenye tangazo. Kila mmoja amejikinga. Hakuna aliyekusudia kumfungia mlango fundi wa mafuta, na bado mlango umefungwa.

Tuchukue sharti la kwanza. Mmiliki wa mtambo ana haki kamili ya kudai kwamba hakuna mtu atakayekanyaga ngazi yake bila mafunzo. Lakini sharti hilo linahusu siku ya kwenda kazini, halihusu siku ya kuomba kazi. Kati ya siku hizo mbili kuna usaili, vipimo vya afya, ukaguzi wa marejeo, na kwa kawaida majuma kadhaa. Kozi ya juma moja inaingia humo bila kumchelewesha mtu. Mwajiri anayesema "utaajiriwa, na tutakupeleka kozi kabla ya zamu yako ya kwanza" anapata bahari nzima ya watu wa kuchagua. Anayesema "njoo nacho" amehamisha gharama na hatari kwenda kwa mtu ambaye hana hakika kama atapata kazi. Fundi aliyeachishwa, mwenye familia, analipa mamia ya pauni kwa cheti kitakachoanza kuhesabu miezi yake 24 tangu siku ya kozi, kazi iwe imepatikana au haijapatikana. Wengi walipiga hesabu hiyo wakaona bora wangoje simu ya kazi ya mafuta.

Sharti la pili, la uzoefu wa upepo, lina madhara zaidi kwa sababu linaonekana la busara. Nani asiyetaka mtu mzoefu? Lakini tuvunje kazi yenyewe vipande. Fundi wa mtambo wa upepo hukata umeme na kuufunga kwa kufuli kabla ya kugusa kitu. Hufuata mfumo wa vibali vya kazi. Hutafuta kasoro kwenye haidroliki, kwenye mota, kwenye vihisi na vidhibiti. Hukaza bolti kubwa kwa kipimo. Huandika ripoti ili zamu inayofuata isije ikaumia kwa jambo ambalo yeye alilijua. Kisha hufanya yote hayo akiwa mbali na hospitali, kwenye baridi, na watu wachache anaolazimika kuelewana nao. Fundi mzuri wa jukwaa la mafuta amefanya kila kimoja cha hivyo. Kilicho kigeni kwake ni mtambo wenyewe: mfumo wa kugeuza mabawa, giaboksi, vigeuzi vya umeme. Na hayo watengenezaji hufundisha kwenye mitambo yao wenyewe. Hata aliyetoka kwenye mtambo wa mtengenezaji mmoja analazimika kujifunza akihamia wa mwingine.

Kuna pia jambo ambalo mwenye uzoefu wa upepo peke yake anaweza asiwe nalo. Mtu aliyelelewa kwenye sekta iliyobeba kumbukumbu ya Piper Alpha amefundishwa kusimamisha kazi. Akiona kibali hakieleweki, anaacha, na anajua hatafukuzwa kwa kuacha. Sekta changa inayokimbizana na ratiba za ujenzi inahitaji watu wa aina hiyo kuliko inavyohitaji miaka mitatu kwenye karatasi. Hili silioni kwenye matangazo, na linanisikitisha, kwa sababu ni kitu ambacho hakifundishiki kwa juma moja bwawani.

Kama ningepewa nafasi ya kuandika upya tangazo hilo, ningeondoa maneno "uzoefu wa upepo" na kuweka majukumu. Ningemwuliza mwombaji: eleza mara ya mwisho ulipofunga chanzo cha umeme kabla ya kazi, ulithibitishaje kwamba umeme haupo? Eleza kasoro ya haidroliki iliyokusumbua na ulivyoifikia. Eleza siku uliyokataa kuendelea na kazi. Majibu ya maswali hayo hayaigizwi, na hayajali kama mtu ametoka kwenye mafuta, kwenye meli au kwenye kiwanda cha karatasi.

Pasipoti yenyewe

Machi 2021 serikali ya Uingereza na sekta ya mafuta na gesi walitia saini makubaliano ya mpito wa Bahari ya Kaskazini, yakiwemo mambo ya watu na ujuzi. Wazo la pasipoti ya ujuzi likapata msukumo. OPITO ilitazamiwa kuikamilisha mwaka 2023. Mwaka huo ukapita. Kikwazo kikubwa hakikuwa programu ya kompyuta; kilikuwa ni pande mbili kukubaliana kwamba somo la mmoja linatosha kwa mwingine. Ni majadiliano magumu pale ambapo kila upande una viwango vyake, vituo vyake vya mafunzo na mapato yanayotokana navyo. Wafanyakazi, ambao ndio waliokuwa wakilipa mara mbili, hawakuwa na nguvu kubwa kwenye meza hiyo.

Hatimaye Januari 2025 pasipoti ilizinduliwa kwa majaribio, ikiongozwa na RenewableUK na Offshore Energies UK, yaani vyama vya kampuni za pande zote mbili, kwa msaada wa serikali ya Uingereza na ya Scotland. Mfanyakazi anaingia mtandaoni, anaweka kazi aliyokuwa akifanya na vyeti alivyo navyo, kisha anaonyeshwa kazi za upepo zinazokaribiana na yake na kinachopungua ili aziombe. Awamu ya kwanza ililenga hasa wanaotoka mafuta na gesi kwenda upepo wa baharini.

Ni hatua njema na naiunga mkono bila kusita. Kwa mara ya kwanza mtu anaweza kuona kwamba kati yake na kazi fulani kuna moduli mbili tu, badala ya kuambiwa kwa ujumla kwamba hana sifa. Lakini pasipoti humwonyesha mfanyakazi njia. Haimlazimishi mwajiri kubadili tangazo. Mfumo wa kuchuja wasifu ukiendelea kutafuta neno moja, mwenye pasipoti atatupwa kama alivyotupwa jana.

Yasiyotatuliwa na karatasi

Tusidhani kwamba vyeti vikipatana basi mambo yamekwisha. Wakati nao una kisa chake. Septemba 2023 mnada wa serikali wa kutoa mikataba ya umeme ulifungwa bila hata ombi moja la upepo wa baharini, kwa sababu bei ya juu iliyowekwa haikufidia gharama zilizokuwa zimepanda. Mnada mmoja ukianguka hivyo, kazi za ujenzi ambazo zingefunguka miaka michache baadaye nazo zinasogea mbele. Kazi ya mafuta haimngoji mtu mpaka ya upepo iwe tayari.

Mahali nako kuna shida. Dogger Bank inahudumiwa kutoka bandari ya Tyne, na mashamba ya Hornsea kutoka Grimsby, yote kaskazini mwa England. Mtu wa Aberdeen aliyezoea kupanda helikopta na kurudi nyumbani baada ya zamu anaambiwa kazi yake mpya iko mamia ya kilomita kusini. Malipo nayo, hasa kwa mafundi, mara nyingi huwa chini ya yale ya mafuta. Isitoshe, shamba la upepo huhitaji watu wengi kwa miaka miwili mitatu ya ujenzi, kisha kikosi kidogo kwa miaka ishirini na zaidi ya matunzo. Mwajiri anayemwita mtu wa mafuta anapaswa kumwambia wazi anamwita kwenye ipi kati ya hizo mbili. Kumwacha agundue mwenyewe ni kumtendea kama alivyotendewa mwaka 2015, bei ya mafuta ilipoporomoka.

Bado naamini sehemu inayoweza kurekebishwa haraka ni ile ya nani alipe. Januari 2022 Scotland iligawa maeneo ya bahari kwa miradi 17 chini ya ScotWind, yenye jumla ya takriban gigawati 25, na kila mwombaji alitakiwa kuwasilisha tamko la jinsi atakavyojenga mnyororo wa ugavi. Matamko hayo yapo na yanarekebishwa kadiri miradi inavyoendelea. Ni mahali pa kuandika sentensi mbili: kwamba mmiliki wa mradi na wakandarasi wake watalipia mafunzo yanayopungua kwa kila fundi wanayemwajiri kutoka mafuta na gesi, na kwamba vyeti vitadaiwa kabla ya zamu ya kwanza, si kabla ya ombi. Gharama ya sentensi hizo ukilinganisha na gharama ya shamba moja la upepo haionekani hata kwa darubini, na fundi aliyeko Aberdeen leo na simu yake mkononi angejua tofauti yake ndani ya juma moja.